Njia ya Nyuma ya Soko

Kutoka kituo cha matatu cha Uthiru hadi ploti tuliyokuwa tukiishi kulikuwa na njia mbili. Moja inapita mbele ya maduka: bucha, kinyozi, wakala wa M-Pesa, duka la dawa lenye mlango wa kijani, kisha unakata kona umefika. Nyingine inazunguka nyuma ya soko, na mvua ikinyesha huwa matope matupu, na itakuongezea dakika kumi hivi. Mwaka 2017, kuanzia Julai, mzee mmoja jirani yangu alianza kupita hiyo ya pili. Alikuwa na miaka 67, na goti lake la kushoto lilikuwa linamsumbua. Nilimwona akizunguka huko, jioni baada ya jioni, na sikumuuliza kitu.

Majina nimeyaacha kwa makusudi. Mzee nitamwita Guka, jinsi watoto na watu wazima wote wa ploti walivyomwita. Mwenye duka la dawa nitamwita Daktari, ingawa yeye mwenyewe hukumbusha watu kwamba si daktari, alisomea dawa chuo cha KMTC akapata diploma. Hakuna anayemsikiliza. Uthiru, anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa na koti jeupe ni daktari, basi.

Uthiru iko ukingoni, pale Nairobi inapoishia na Kiambu kuanza, kando ya Waiyaki Way. Jirani yetu kuna uzio mrefu wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ambapo wanasayansi kutoka pembe zote za dunia huchunguza magonjwa ya ng'ombe. Nje ya uzio tulikuwa sisi wa kupanga: mafundi, wauza mboga, walimu, makondakta, wanafunzi wa Kabete. Guka alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga na kibanda cha mabati karibu na soko, na riziki yake kubwa ilikuwa sare za shule. Kwa fundi wa sare, mwaka una mwezi mmoja mnono, nao ni Januari. Miezi mingine ni kukunja pindo, kubadilisha zipu na kungoja.

Presha yake ilijulikana mwaka 2011, alipoanguka kanisani. Tangu siku hiyo alikuwa na kadi ya kliniki katika hospitali moja ya umma, na kila mwezi alikwenda, akapimwa, akapewa vidonge dirishani kwa ada ndogo. Hakuwahi kukosa. Ni mtu wa kizazi kilichojua kupanga foleni. Alikuwa kijana mdogo mwaka 1965 serikali ilipofuta ada ya matibabu ya wagonjwa wa kutwa, na alikuwa baba wa watoto watatu ada iliporudi Desemba 1989 kwa jina la kuchangia gharama. Kwa hiyo zaidi ya miaka 20 ya ujana wake dawa ilikuwa kitu unachopewa na serikali, kama cheti cha kuzaliwa. Nalisema hili kwa sababu nimelifikiria sana. Guka alijua kukopa unga, alijua kukopa vitambaa kwa Wahindi wa mjini, na alijua namna ya kumkabili aliyemkopesha. Kukopa dawa hakuwahi kukuzoea.

Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma waligoma nchi nzima, wakidai mkataba uliotiwa saini mwaka 2013 utekelezwe. Mgomo ulidumu siku 100. Kliniki ya Guka ilikuwa iwe wiki hiyo hiyo. Alifika, akakuta lango limefungwa na mlinzi anawaambia wazee warudi nyumbani. Alikuwa na vidonge vinne.

Ndivyo alivyoingia kwenye mlango wa kijani kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa pale nikinunua dawa ya kikohozi, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Guka, keti kwanza upumue," Daktari alimwambia, akatoa mashine ya presha. Alimpima bila kumtoza kitu, akasubiri, akampima tena. Kisha akaomba kadi ya kliniki na karatasi ya mwisho ya daktari, akazisoma pole pole.

"Hii iliyoandikwa hapa ni jina la kampuni," alisema. "Dawa yenyewe inaitwa amlodipini. Ninayo ya kampuni hiyo na ninayo ya kiwanda kingine. Ni dawa ile ile, nguvu ile ile. Tofauti iko kwenye pakiti na kwenye bei. Hii nyingine ni ya kukojoza, ni bei ya chini kabisa. Leo uko na pesa ngapi?"

Swali hilo nimelisikia mara chache sana katika maduka ya dawa. Aghalabu mtu hutajiwa jumla, naye hutazama chini, hupapasa mfuko, husema atarudi. Daktari aliuliza kwanza kilichopo mfukoni, kisha akaanza kupanga dawa kutokea hapo.

Guka alikuwa na shilingi 200. Daktari alihesabu vidonge vya mwezi mzima, akaviweka kwenye bahasha mbili, akaandika juu yake saa ya kumeza. Halafu akafungua daftari la kurasa nyembamba, lenye jalada la buluu. "Zilizobaki nitakuandikia. Sare za Januari zikiisha utanipitia."

Ukiona hivyo unaweza kudhani mwenye duka ana mali. Hakuwa nayo. Dawa zile alizichukua kwa wauzaji wa jumla katikati ya jiji kwa mkopo wa siku 30, na siku ya 30 hawasikizi hadithi ya mzee wa Uthiru. Kodi ya duka ilikuwa yake, stima yake, leseni ya kila mwaka yake. Kila mstari kwenye daftari la buluu ulikuwa pesa ambayo yeye mwenyewe alikuwa anadaiwa na mtu mwingine.

Huruma yake pia haikuwa ya kusema ndiyo kwa kila jambo. Siku moja mama mmoja alitaka vidonge vya amoksisilini vya shilingi 50, mtoto ana homa na kifua. Daktari alimuuliza mtoto alipimwa wapi, akaona karatasi, kisha akakataa kabisa kuikata dozi. Alimpa yote na kuliandika deni lililobaki. "Nikikupa ya siku mbili nitakuwa nimefundisha huo ugonjwa kupigana na dawa," alimwambia. Novemba 2017 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu wa vijidudu kwa dawa. Naamini mpango kama huo hufaulu au kufeli kwenye kaunta za namna hii, mkononi mwa mtu aliyeshika makasi juu ya pakiti huku mteja akiwa na shilingi 50.

Januari 2017 Guka alilipa deni lote. Alikwenda na noti zilizokunjwa ndani ya leso, akasimama wima, akangoja hadi mstari wake ukakatwa kwa kalamu nyekundu. Alirudi ploti akiwa mrefu zaidi.

Mgomo ulimalizika tarehe 14 Machi. Guka alirudi kliniki, akapimwa, lakini dirishani akaambiwa kile ambacho Wakenya wengi wamewahi kuambiwa: dawa hakuna, nenda ukanunue nje. Akarudi mlango wa kijani. Kisha ukame ukapandisha bei ya unga, hadi pakiti ya kilo mbili ikawa kitu cha kujadiliwa na familia, na Mei serikali ikaleta ule unga wa shilingi 90, watu wakaupangia foleni. Tarehe 5 Juni wauguzi nao wakagoma, na mgomo wao haukuisha hadi Novemba. Agosti kulikuwa na uchaguzi, na katika mwaka wa uchaguzi hakuna anayeshona nguo mpya. Kila mtu anashika pesa yake akingoja aone. Mstari wa Guka ukawa mistari. Kufikia Julai alikuwa anadaiwa shilingi 2,340.

Hapa ndipo ningependa msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hutafuta mkosaji. Hutaka kusikia kwamba Daktari alibadilika, kwamba alimfokea mzee mbele za watu. Hakumfokea. Nilimuuliza Guka mwenyewe baadaye, alipoweza kuzungumza, naye alinieleza kwa vipande vipande. Alikwenda Julai akiwa na shilingi 150, akitaka kulipa kidogo na kuongezewa vidonge. Akakuta dukani watu wanne, wawili wao wazee wa kanisa lake. Daktari alimwona, akatabasamu, akaweka mkono juu ya daftari la buluu kulivuta karibu, kama alivyofanya siku zote. Guka akaona mkono ule juu ya daftari. Akaona wale wazee wakiutazama. Akanunua dawa ya kuchua goti kwa zile shilingi 150, ambayo hakuwa na haja nayo sana, akaaga akatoka. Siku iliyofuata akapita nyuma ya soko.

Duka lililo jirani na la Daktari lilikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii tumeifanya pambo la ukuta, na ile nyingine ya kwamba dawa ya deni ni kulipa tunairudia kama amri. Sina ugomvi na wahenga. Walisema na mtu anayekopa kwa anasa, au anayekopa akiwa na nia ya kutoroka. Lakini methali ikishatundikwa ukutani haichagui msomaji. Mzee anayekopa ili mishipa yake isipasuke anaisoma hiyo hiyo, na anajiona yumo. Dawa ya deni ni kulipa, hana cha kulipa, basi anajinyima ile dawa nyingine.

Alichofanya baadaye kinafanywa na watu wengi, kwa hiyo nitakieleza kinaganaga. Alikuwa amebakiwa na vidonge kumi hivi vya amlodipini. Alianza kuvipasua katikati kwa wembe wa kukatia nyuzi. Nusu kwa siku. Baada ya wiki hakuhisi tofauti yoyote, akaona kumbe nusu inatosha. Akaanza kuruka siku. Bado hakuhisi kitu. Amlodipini haina haraka: saa 30 hadi 50 hupita kabla nusu yake haijaondoka mwilini, hivyo mtu akiacha leo, kesho yuko vile vile, na keshokutwa karibu vile vile. Presha yenyewe haiumi. Hupanda kimya kimya. Mgonjwa wa jino hawezi kujidanganya, jino litamwamsha usiku. Mgonjwa wa presha anaweza kujidanganya wiki nyingi, na mwili wake mwenyewe utamuunga mkono.

Vidonge vilipoisha, mzee mwenzake alimgawia vyake. Vilikuwa vyeupe, vidogo, vya duara. Presha ni presha, walikubaliana. Shosho, mkewe, alituonyesha bahasha baadaye: zilikuwa zile za kukojoza peke yake, bila ile dawa nyingine aliyoihitaji pamoja nazo. Yule rafiki aligawa kwa moyo safi kabisa, na yeye mwenyewe akabaki na pungufu.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha iliyopanda, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Guka alikuwa miongoni mwa wenye bahati. Alijua ugonjwa wake, alijua dawa yake kwa jina, alikuwa na mtu wa kumpa kwa mkopo umbali wa dakika nne kutoka kitandani pake. Kwa hiyo kila nikikumbuka kisa hiki nashindwa kukiita kisa cha umaskini peke yake.

Ilikuwa Alhamisi ya Septemba, saa tatu asubuhi. Msichana aliyekuwa akijifunza kazi kwake alimwona akishindwa kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Alijaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha mkono wa kulia ukalala juu ya cherehani kama si wake. Alipomwita, Guka alijibu kwa sauti isiyokuwa maneno. Kiharusi kilikuwa kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, ule ambao kwa watu wengi ndio wenye usemi na ndio unaoutawala mkono wa kulia. Kwa fundi wa kushona, huwezi kuchagua upande mbaya zaidi.

Jioni hiyo kundi la WhatsApp la ploti likageuka kamati ya mchango. Tunajua kazi hii, Wakenya. Tuna kipaji nayo. Kufikia Jumamosi tulikuwa na shilingi 64,000, kutoka kwa watu ambao baadhi yao hawakuwahi kumwamkia. Mimi nilitoa 2,000. Niliituma kwa simu nikiwa nimekaa kwenye matatu, na niliona fahari kidogo, na ile fahari bado inanichoma. Miezi miwili nilikuwa nimemwona akizunguka kwenye matope na goti bovu. Nilijua anadaiwa, maana ploti haina siri. Shilingi 2,000 zile zile, zikitolewa Julai, zingefuta karibu deni lote. Lakini hakuna anayeanzisha kundi la mchango kwa ajili ya vidonge vya mwezi. Tunachangia hospitali, tunachangia jeneza. Kile cha katikati, cha kumfanya mtu asifike huko, tunakiita shida yake binafsi, na tunaona ni adabu kutoitaja.

Siku ya Jumapili nilikwenda kwa Daktari kumpa habari. Alikuwa ameshasikia. Alifungua daftari la buluu, akanionyesha ukurasa wa Guka. Mistari yote ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika tarehe: 19 Agosti.

"Nililifuta," alisema. "Niliona haji, nikajua ni ile pesa. Nikasema basi, mzee huyu ameshanilipa kwa heshima yake. Nikalifuta."

"Ulimwambia?"

Alikaa kimya muda mrefu. Namba ya simu ya Guka ilikuwa juu ya ukurasa ule ule, imeandikwa kwa mkono wake. Alinieleza kwamba aliishika simu mara nyingi. Kila alipotaka kupiga aliwaza: akiona namba yangu atadhani namdai. Akaona afadhali asimwaibishe. Akaamua kungoja wakutane njiani, kwa bahati, amwambie kwa utani kidogo, isiwe jambo zito. Naye Guka alikuwa anapita njia nyingine ili wasikutane.

Sijui kama kuna kisa cha wema kinachoniumiza kuliko hiki. Deni lilikuwa limekufa tangu Agosti. Aliyedaiwa hakuambiwa, kwa heshima. Aliyedai hakuulizwa, kwa heshima. Na mimi jirani niliyekuwa katikati, mwenye miguu mizuri na dakika nne za kutembea, nilinyamaza kwa heshima hiyo hiyo. Tumelelewa kumsetiri mtu mzima, na ni malezi mema, siyatupi. Ila Shosho alisema neno moja akikunja blanketi la hospitali: "Mngemtukana tu, angekuwa mzima."

Guka alikaa wodini siku 11. Usemi umerudi, si wote. Majina ya watu humkimbia, na akichoka huanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kikuyu. Mkono wa kulia unashika kikombe lakini haushiki sindano. Cherehani hakuiuza. Yule msichana aliyekuwa anajifunza ndiye anayekanyaga sasa, na Guka hukaa kando yake kwenye kigoda, anaonyesha kwa kidole cha kushoto mshono unapopinda. Ni mwalimu mkali. Januari 2018 walishona sare nyingi kuliko mwaka uliotangulia.

Daktari naye alibadilisha mambo dukani, na kama kuna mwenye duka la dawa anayesoma hapa, nitayaeleza, maana hayahitaji mtaji. Daftari la buluu liliondoka kwenye kaunta; sasa liko ndani ya droo, na huandikwa mteja akishaondoka. Mbele ya kila deni ameongeza safu ya tarehe ambayo vidonge vitaisha. Mtu akiandikiwa kwa mara ya kwanza humwambia hapo hapo, macho kwa macho: ukikosa pesa, njoo, usipokuja nitakupigia simu, na nikikupigia ujue si kudai. Huwaambia pia wasipasue kidonge chochote bila kumuuliza, kwa sababu viko vinavyopasuka bila madhara na viko visivyofaa kabisa kuguswa, na asiyesomea hawezi kuvitofautisha kwa macho. Anayeshindwa kununua vya mwezi humuuzia vya wiki. Anayeshindwa vya wiki humtafutia cha bei ya chini na kumwandikia barua ya kumpelekea daktari wa kliniki, ili dawa ibadilishwe na aliye na mamlaka ya kuibadilisha.

Nami nina la kwangu kwa mteja, kwa kuwa wateja ndio tulio wengi. Ingia useme kiasi ulicho nacho kabla hujatajiwa bei. Uliza dawa kwa jina lake, usiulize kwa jina la pakiti. Na kama unadaiwa, pita mbele ya duka. Pita kila siku, hata huna kitu, hata kwa kupunga mkono tu. Anayekudai akikuona uso hana cha kudhani. Asipokuona ndipo kila mmoja wenu anaanza kumtungia mwenzake mawazo.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa ya SHA imechukua nafasi ya ile ya NHIF, na Guka amesajiliwa, ana namba yake, Shosho ameiandika nyuma ya mlango. Ninaomba ifanye kazi. Lakini bado kuna siku ambazo dirisha la hospitali humwambia mtu akanunue nje, na nje ni pale pale, kwenye mlango wa kijani.

Nilihama Uthiru. Wiki chache zilizopita nilikuwa na safari ya mji wa Kikuyu, nikashuka njiani kumsalimu Guka, na nikapita mbele ya maduka. Kulikuwa na foleni fupi. Daktari alikuwa ameshika simu begani, anahesabu vidonge huku akizungumza na mtu ambaye, kwa jinsi nilivyosikia, alikuwa anajitetea.

"Hapana, mama, sikiliza," alikuwa anasema. "Sikuulizi pesa. Nimetazama hapa, vidonge vyako viliisha Jumanne. Leo ni Ijumaa. Uko wapi?" Akasikiliza kidogo. "Basi kaa hapo hapo. Nafunga saa mbili, nitapita nikuletee."